Afya ya Nyumbani: Kofia ya Jino Hubadilishwa Lini?

Barua tuliyoichagua mwezi huu yatoka kwa binti mmoja anayekaa pamoja na mama yake na mdogo wake wa kiume. Atueleza ya kwamba mama yake alivikwa kofia ya jino mwaka 2009, katika gego la chini upande wa kushoto, baada ya jino hilo kuoza na kutibiwa mizizi. Tangu siku hiyo halikumwuma hata mara moja. Mwezi uliopita mama alikwenda kwa daktari kwa ajili ya jino jingine kabisa, naye daktari akaitupia macho kofia ile, akauliza iliwekwa lini, na alipojibiwa akasema imekwisha zeeka, yafaa ivunjwe iwekwe mpya. Hakueleza zaidi ya hapo. Gharama aliyotajiwa ni kubwa, na fedha zilizomo nyumbani ni ada ya shule ya yule mdogo. Mama asema jino haliumi, basi lisiguswe. Binti achelea huenda daktari amesema kweli. Atuuliza ni nani kati ya wawili hao wa kufuatwa.

Twamjibu mapema, kisha tutaeleza: wote wawili wametoa hoja dhaifu. Daktari ametaja umri, na mama ametaja kukosa maumivu. Umri si kipimo, na kutouma si kipimo. Huenda mmojawapo amepata, lakini akipata amepata kwa bahati.

Yafaa kwanza tuseme kofia ya jino ni kitu gani, kwa kuwa wako wengi walio nayo kinywani wala hawajui imekaaje. Jino likioza sana, au likivunjika kipande kikubwa, au likiisha kutibiwa mizizi, aghalabu halibakiwi na nguvu za kustahimili kutafuna. Kuta zake huwa nyembamba, na kuliziba tu hakutoshi, maana siku moja litapasuka mfano wa kikombe chenye ufa. Basi daktari hulichonga pande zote na juu hata likawa kama kisiki kidogo, akachukua kipimo cha umbo lake, na fundi wa meno akatengeneza kifuniko chenye sura ya jino zima. Kifuniko hicho huvikwa juu ya kisiki na kugandishwa kwa saruji maalumu ya meno. Hicho ndicho tukiitacho kofia, na wengine hukiita taji. Kilicho chini yake ni jino lile lile la mwenyewe, liwe lina uhai wake au limekwisha tolewa mshipa, pamoja na mizizi yake iliyozama katika mfupa wa taya.

Kofia zenyewe ni za namna nyingi. Ziko za dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, ziko za madini yasiyo dhahabu, ziko za madini yaliyofunikwa kauri ili yafanane na jino, na ziko za kauri tupu. Katika miaka ya karibuni watu wengi huwekewa zile za zirkonia, ambazo ni nyeupe na ngumu mno. Kofia ya kauri si jambo la jana: daktari Charles Land wa mji wa Detroit, Marekani, alikuwa akishughulika nayo tangu mwishoni mwa karne ya 19. (Mjukuu wake ni Charles Lindbergh, yule rubani aliyeruka peke yake kutoka New York mpaka Paris mwaka 1927, lakini hayo si ya ukurasa huu.)

Tumeyasema hayo yote ili msomaji ashike neno moja tu, nalo ni kwamba kofia haiozi. Dhahabu haiozi, wala kauri haiozi. Kiozacho ni jino lililo chini ya kofia, na uozo huo aghalabu huanzia mahali pamoja, yaani kwenye ukingo, pale kofia inapokoma na jino linapoanza, karibu na ufizi. Hapo ndipo utando wa vijidudu hujishika, na mtu alapo vitu vya sukari vijidudu hivyo hufanya tindikali inayolainisha jino. Saruji nayo huweza kumomonyoka kidogo kidogo kwa miaka, pakawa na mwanya ambao jicho halioni, na mate yakapenya. Uozo ukisha ingia chini ya kofia huendelea kama mchwa waliopanda katika boriti: nje chokaa ni nyeupe na dari imenyooka, na ndani mti umekwisha liwa.

Sisi tumeyaona hayo katika jamaa zetu wenyewe. Ami yetu alikuwa na kofia ya madini katika gego la juu, aliyovikwa baada ya jino kutolewa mshipa. Kwa muda wa miaka 14 hakulalamika. Mkewe ndiye aliyeanza kusema kwamba kinywa cha mzee kina harufu isiyokuwako zamani. Ami akashika mazoea ya kutafuna karafuu na iliki baada ya kila chakula, akaona mambo yamekwisha. Twakiri kwamba sisi tuliokuwa tukienda kumwamkia kila Ijumaa tuliisikia harufu ile, tukaona haya kumwambia. Jioni moja alikuwa akinywa kahawa kwa kashata, na kofia ikatoka imenasa katika kashata. Ilikuwa ikimeta vile vile kama siku iliyowekwa. Ndani yake mlikuwa na nusu nzima ya jino, laini, ya rangi ya hudhurungi, mfano wa ubao uliolala majini. Daktari alipotazama kilichobaki katika ufizi akasema hakuna tena pa kushikia kofia, na mizizi ikang'olewa wiki ile ile. Katika muda wote huo ami hakuumwa hata usiku mmoja.

Na mbona hakuumwa? Kwa sababu chenye kuhisi baridi na utamu na uozo ndani ya jino ni ule mshipa, nao ulikwisha tolewa. Jino lililotibiwa mizizi ni kama nyumba iliyoondolewa mlinzi; mwizi akiingia hapana wa kupiga kelele. Litauma pengine baadaye, usaha ukikusanyika kwenye ncha ya mzizi au ufizi ukivimba, na pengine lisiume kabisa. Kwa hiyo ushahidi anaoutoa mama wa binti yetu, ya kwamba jino haliumi, ungekuwa na uzito kidogo kama jino lingekuwa na mshipa wake. Kwa jino la namna yake hauna uzito wowote.

Tuigeukie hoja ya daktari. Watu wengi wameambiwa kwamba kofia ina miaka 10, au 15, kisha imekwisha, kana kwamba ni dawa yenye tarehe juu ya chupa. Sivyo. Wataalamu waliofuatilia kofia za watu kwa muda mrefu wameona kwamba zaidi ya 9 katika kila 10 bado zasimama baada ya miaka 5, na nyingi huvuka miaka 10 na 15. Ziko zilizovuka 20, na hasa za dhahabu zimepata kuonekana kinywani mwa mtu zaidi ya miaka 30 zikifanya kazi yake. Umri wa kofia ni sababu ya kuichunguza kwa makini, wala si sababu ya kuivunja. Kung'oa bati lisilovuja kwa kuwa tu limetimiza miaka mingi ni kujitia gharama bure.

Tena gharama yenyewe si ya fedha tu. Kofia iliyogandishwa vizuri haivuliwi kama kofia ya kichwani. Mara nyingi hukatwa kwa mashine vipande vipande, na katika kuikata na kulitengeneza jino upya, jino hupungua tena kidogo. Likiwa bado lina mshipa, kila kuchongwa huusumbua mshipa huo, na baadhi ya meno hufa mshipa miezi au miaka baadaye, yakahitaji kutibiwa mizizi. Mtu aliyezaliwa na jino moja mahali pale hawezi kulichonga mara nyingi. Ndiyo maana twasema kwamba mwenye pupa hupata hasara, kama mwenye kughafilika apatavyo hasara. Ila mwenye pupa hulipa na fedha juu yake.

Basi tutazame nini? Kwanza ni ukingo. Daktari hupitisha chuma chembamba chenye ncha pale kofia inapokutana na jino, akizunguka pande zote. Ncha ikiteleza bila kukwama, ni habari njema. Ikikwama, au ikizama katika kitu laini, hapo pana neno. Hata nyumbani mtu aweza kujua kitu kidogo: akipitisha uzi wa kusafishia meno kando ya kofia, na uzi ukachanika au kunasa kila siku mahali pale pale, ukingo haukukaa sawa au umevunjika. Na chakula kikianza kukwama mahali ambapo miaka yote hakikuwa kikikwama, hasa nyuzi za nyama au za embe, jambo hilo lisichukuliwe kuwa dogo.

Pili ni harufu na ladha. Mtu ambaye kofia yake imelegea huenda akasikia ladha mbaya au ya chumvi akifyonza upande ule, kwa kuwa mate huingia na kutoka chini yake. Daktari hulijaribu jambo hili kwa njia nyepesi sana: huibonyeza kofia kwa kidole, akatazama kama vipovu vya mate vyatoka ukingoni. Vikitoka, saruji imeachia. Msidharau neno la mke au mume au mtoto katika jambo la harufu, maana mwenye kinywa huzoea cha kwake asisikie.

Tatu ni kuchezacheza. Hapa pana kitu ambacho wengi huchanganya. Kofia ikicheza juu ya jino, tatizo ni la saruji au la jino lililoliwa ndani. Lakini likicheza jino lote pamoja na kofia yake, tatizo huenda likawa la fizi na mfupa, au mzizi umepasuka, na kofia mpya haitafaa kitu mpaka tatizo hilo lijulikane. Twamsihi kila mtu amwulize daktari wazi wazi: kinachocheza ni kipi?

Nne ni ufizi. Ukiwa fizi zote zina afya isipokuwa ule uliozunguka kofia, ambao ni mwekundu na hutoka damu kwa kuguswa, huenda ukingo umejitokeza nje au umeachwa mpana, na uchafu hukaa hapo. Kipele juu ya ufizi kinachotoka usaha kikapona kisha kikarudi, hicho ni dalili ya ugonjwa katika mzizi. Wako watu wanaoishi na kipele hicho kwa miaka kwa kuwa hakiumi, nao hukibinya tu asubuhi wakisukutua. Hao waende kwa daktari wiki hii.

Ama maumivu, yakiwapo yana maana yake, ingawa kutokuwapo kwake hakuna maana. Jino lenye mshipa likisisimkwa na maji baridi au kitu kitamu, huenda ukingo umefunguka au ufizi umerudi nyuma ukaacha mzizi wazi. Maumivu ya kuuma kitu kigumu huweza kuwa ya ufa. Maumivu yanayopiga kama ngoma, yakazidi kwa kinywaji cha moto na usiku, aghalabu ni mshipa unaokufa, na hayo hayangoji. Walakini kofia iliyowekwa jana ikisisimka kidogo kwa siku chache au majuma machache, hilo ni la kawaida. Na mtu akihisi kwamba kofia mpya hugusana na jino la upande wa pili kabla ya meno mengine, arudi ikapunguzwe, wala asingoje izoeane.

Yako pia yanayotisha bila ya kudhuru. Kofia ya madini yenye kauri huonyesha mstari mweusi karibu na ufizi ufizi unaporudi nyuma. Mstari huo ni madini yenyewe yanaonekana, na watu wengi hudhani ni uozo. Daktari athibitishe, lakini ukiwa ni madini tu, mwenye kutaka kubadilisha abadilishe kwa ajili ya uzuri, ajue kuwa ni uzuri anaonunua. Kadhalika kauri ikimeguka kidogo pembeni, mara nyingi yaweza kusuguliwa ikawa laini au kutiwa kiraka. Ni pale inapopasuka mpaka ndani, au kofia nzima ina ufa, ndipo inapobadilishwa. Kofia ya dhahabu nayo huweza kulika juu kwa miaka hata ikatoboka, hasa kwa mtu asagaye meno usingizini. Akiwekewa mpya bila ya kutafutiwa kinga ya kuvaa usiku, ataisaga na hiyo.

Wasomaji wetu wengine hudhani picha ya eksirei humaliza ubishi wote. Yasaidia sana, lakini ina mpaka wake. Picha huonyesha kando ya jino penye ukingo, na huonyesha ncha ya mzizi na mfupa unaouzunguka. Haionyeshi kilicho chini ya kofia yenyewe, kwa kuwa madini na zirkonia huzuia miale, na mahali pale pote huwa peupe. Kwa hiyo pengine daktari mwaminifu atasema, "Siwezi kujua mpaka niitoe." Neno hilo si la kumdhania mabaya, maadam ameeleza ni dalili gani iliyomfanya ashuku.

Na kabla haijatolewa pana swali moja ambalo wagonjwa hawaliulizi, nalo ndilo lenye fedha ndani yake: je, kikitolewa kifuniko na kusafishwa uozo, jino litakalobaki litatosha kushika kofia nyingine? Madaktari hutaka pabakie jino zima, gumu, la kimo cha kama milimita 2 kuzunguka pande zote juu ya ufizi, ili kofia mpya ipate pa kukumbatia. Pasipobaki kiasi hicho, kofia ya thamani yoyote itang'oka tena au kuuvunja mzizi. Pengine ufizi na mfupa waweza kupunguzwa kidogo ili jino lipate kimo, na pengine shauri jema ni kuling'oa. Bora mtu ayajue hayo kabla ya kulipa kuliko baada ya kulipa.

Tumeulizwa mara nyingi juu ya dhahabu, nasi hatuna budi kuligusa kwa kuwa wazee wetu wengi wanayo. Dhahabu imeharimishwa kwa wanaume kuwa pambo, lakini tiba ni jambo jingine. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi habari za sahaba Arfaja bin Asad, ambaye pua yake ilikatika vitani siku ya Kulab. Akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru afanye ya dhahabu. Wanazuoni wengi wametoa humo ruhusa ya kufungia meno kwa dhahabu pale penye haja. Aliyevika dhahabu jino zima lisilo na ugonjwa ili lionekane anapocheka, huyo hana hoja katika habari hiyo, na tena amelichonga jino lake bure. Wala kofia iliyogandishwa haizuii udhu wala josho. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, kusukutua ni sunna katika yote mawili. Na hata wanazuoni wa Hanafi, ambao kwao kusukutua ni wajibu katika josho, hawakumtaka mtu ang'oe kitu kilichogandishwa kwa tiba.

Jambo jingine la dini linalochelewesha tiba ni Ramadhani. Mtu kofia humlegea mwanzo wa mwezi, akasema atakwenda baada ya Idi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika mkutano wake wa Jidda mwaka 1997, liliamua kwamba kutobolewa jino, kung'olewa au kusafishwa hakubatilishi saumu, maadam mtu ajihadhari asimeze kinachofika kooni. Mwenye wasiwasi na amwulize shehe wake, au aombe miadi ya usiku baada ya kufuturu. Mwezi mmoja wa tambi, tende na visheti usiku kucha, juu ya kofia iliyofunguka, waweza kumaliza jino lililokuwa bado laokoleka.

Ikitokea kofia imetoka, isitupwe. Ioshwe kwa maji, iwekwe katika kikopo kidogo, na mtu aende nayo kwa daktari katika siku chache hizo. Ikiwa ni nzima na jino la chini ni zima, huenda ikagandishwa ile ile kwa gharama ndogo. Akingoja miezi, meno ya jirani husogea na kofia haiingii tena. Asilale nayo ikiwa yacheza, maana yaweza kuingia katika njia ya pumzi. Aliyeimeza kwa kawaida hutoka nayo chooni bila ya madhara, lakini aliyepaliwa na kubaki akikohoa akimbizwe hospitali. Na twamwomba kila mtu, kwa jina la urafiki wetu, asiigandishe kwa gundi ya dukani inayogandisha viatu na vyombo. Gundi hiyo huunguza ufizi na kuidhuru kofia, hata daktari asiweze kuitumia tena.

Tena wajihadharini na mafundi wa vichochoroni wavikao meno bamba la rangi ya dhahabu kwa saa moja, bila kulitazama jino wala kupiga picha. Ukingo wa bamba hilo haukukaa popote; ni mtego wa chakula uliopakwa rangi.

Utunzaji wa kofia si siri. Ipigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na mara ya pili iwe baada ya kitu cha mwisho kuliwa, na mswaki ulazwe kwenye ufizi, kwa kuwa ukingo uko huko, wala si juu ya kofia panapometa. Wenye kupenda mswaki wa mti wana haki yao, ila wakumbuke magego ya nyuma, ambako mti hufika kwa shida. Upitishwe uzi kati ya meno. Wazee wenye ugonjwa wa sukari, na wale ambao dawa za presha zimewakausha kinywa, waonwe na daktari mara nyingi zaidi ya wengine, maana kwao fizi hudhurika upesi na mizizi huoza upesi.

Sasa, binti yetu, tukurudie wewe. Usimgombeze mama, na usimdhanie daktari kuwa mlafi. Mwambie mama arudi kwake, au kwa mwingine kama moyo wake hautulii, nawe ufuatane naye. Mwulize mambo matatu: ukingo ukoje ukipitishwa chuma? Picha ya mzizi yaonyesha nini? Na kofia ikitolewa, litabaki jino la kutosha? Malipo ya kuonwa na ya picha moja ni madogo sana mbele ya malipo ya kofia. Ukingo ukiwa mzima, ufizi hautoki damu na picha ni safi, lipeni ada ya shule, na mama aonwe tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Uozo ukiwapo lakini ni mdogo, ukingoni tu, ulizeni kama waweza kuondolewa na kuzibwa pale pale bila ya kuivunja kofia. Mara nyingine huwezekana, na ziba hiyo huweza kuwapa miaka.

Uozo ukiwa umeingia ndani, hapo hatutakuficha: kungoja muhula mzima ni kuliweka jino rehani, kama alivyofanya ami yetu. Lakini hata hapo fedha zote hazitakiwi siku moja. Mwulizeni daktari kama aweza kuitoa kofia sasa, asafishe uozo, alijenge jino na kulifunika kwa kofia ya muda, na ile ya kudumu ingoje fedha nyingine. Ulizeni bei ya kofia ya madini matupu, kwa kuwa gego la nyuma halionekani na madini hayo hudumu sana. Katika vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno, kama cha Muhimbili mjini Dar es Salaam na cha Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao, nako yafaa kuuliza pia. Mkisha pata jawabu la daktari juu ya ukingo, tuandikie, nasi tutalitaja jambo hilo katika toleo lijalo bila ya kutaja jina.